Rada, simu mbili na visiki vya Mtera

Ukitaka kujenga kompyuta ndogo itakayofuatilia vyombo kwenye rada ya meli, usianze kwa kununua rada. Ushauri huu nawapa hasa vijana wa Dodoma, Mpwapwa na Iringa wanaojua kuandika programu lakini wanaodhani kazi za majini ni za watu wa Dar es Salaam, Mwanza na Unguja. Hapo Mtera, karibu nusu ya njia ya kutoka Dodoma kwenda Iringa, mna maji ya kutosha kujifunzia sehemu ngumu kabisa ya kazi hii, na vifaa vya kuanzia mnavyo mfukoni.

Sehemu ngumu ni ipi? Rada yenyewe hupima mambo mawili: umbali na upande. Antena hutuma mpigo wa mawimbi ya redio, mpigo hugonga kitu na kurudi kama mwangwi. Kwenda na kurudi maili moja ya bahari, yaani mita 1,852, huchukua kama sehemu 12 za milioni za sekunde. Antena inayozunguka mara 24 kwa dakika hukupa doa jipya kila baada ya sekunde mbili na nusu. Basi. Rada haijui kwamba doa la sasa na doa la mzunguko uliopita ni chombo kilekile, wala haijui kinaelekea wapi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya ofisa wa zamu, aliyechora madoa kwa penseli kila baada ya dakika 3 au 6. Dakika 6 zilipendwa kwa sababu ni sehemu ya kumi ya saa: maili ulizopima ukizizidisha kwa 10 unapata mwendo kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa.

Ofisa mwenye madoa matatu huchora vizuri. Mwenye madoa kumi na tano, usiku, mvua inanyesha na simu ya injini inalia, hawezi. Tarehe 25 Julai 1956 meli ya Kiitaliano Andrea Doria na ya Kiswidi Stockholm ziligongana karibu na pwani ya Marekani, na kila moja ilikuwa imeiona nyingine kwenye rada kabla ya kugongana. Kuona kulikuwepo; kilichokosekana ni hesabu sahihi kwa wakati. Mwaka 1969 meli ya mizigo Taimyr ilifungiwa mfumo wa kampuni ya Norcontrol ya Norwei, ulioendeshwa na kompyuta ya Nord-1, na hapo ndipo ufuatiliaji wa kujiendesha wa vyombo kwenye rada ulipoanza kuuzwa. Mwaka 1979 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, likaweka viwango vya mifumo hiyo, ambayo mabaharia huiita ARPA. Kompyuta ya bodi moja unayonunua leo kwa bei ya simu ya kawaida ina nguvu kubwa kuliko ile ya Taimyr kwa mbali sana. Kwa hiyo nguvu ya kompyuta isikuumize kichwa.

Wala msidhani mambo haya ni ya bahari kuu peke yake. Tarehe 8 Mei 2005, katika Ziwa Victoria, meli mbili za Uganda zilizokuwa zikibeba mabehewa ya treni, Kabalega na Kaawa, ziligongana na Kabalega ikazama. Zilikuwa meli za aina moja, za nchi moja, zikifanya kazi ileile kwenye maji yaleyale. Nalitaja tukio hili kila ninapoambiwa kwamba ziwa ni pana, watu watapishana tu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa maana ndiyo moyo wa kifaa. Mabaharia hutaka namba mbili kwa kila chombo: watapishana kwa umbali gani, yaani CPA, na baada ya muda gani, yaani TCPA. Chukua mfano. Uko kwenye mtumbwi, na boti nyingine iko mita 1,200 mashariki yako na mita 900 kaskazini. Ukilinganisha na wewe, kila sekunde inasogea mita 2 magharibi na mita 2 kusini. Zidisha 1,200 kwa 2, zidisha 900 kwa 2, jumlisha: 4,200. Mraba wa 2 ujumlishe na mraba wa 2: 8. Gawa 4,200 kwa 8, unapata sekunde 525, yaani dakika 8 na sekunde 45. Wakati huo boti itakuwa imesogea mita 1,050 kila upande, hivyo itakuwa mita 150 mashariki yako na mita 150 kusini. Umbali wa kupishana ni kama mita 212. Mtoto wa kidato cha pili anaifanya hesabu hii, na kompyuta huirudia maelfu ya mara kwa sekunde.

Lakini tazama kinachotokea kipimo kikikosea kidogo. Kwenye umbali wa mita 1,500, kosa la uzi mmoja tu wa upande ni mita 26. Ukikadiria mwendo kwa kutumia madoa mawili yaliyoachana sekunde 60, kosa hilo la mita 26 linageuka kosa la mwendo la karibu nusu mita kwa sekunde. Lipeleke mbele kwa sekunde 525, linakuwa zaidi ya mita 220. Yaani kosa limeupita umbali wenyewe wa kupishana! Kompyuta inaweza kukuandikia kwa herufi safi kwamba mtapishana mita 212, na kumbe mnagongana. Ndiyo maana Kanuni ya 7 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano inakataza kukisia kwa kutegemea taarifa chache, hasa taarifa chache za rada. Na ndiyo maana viwango vya IMO vilitaka mfumo utoe mwelekeo wa jumla wa chombo ndani ya dakika moja na makadirio kamili ndani ya dakika tatu. Dakika tatu hizo ni muda wa kukusanya vipimo vya kutosha ili makosa yafutane. Hazipungui kwa sababu umenunua kompyuta yenye kasi zaidi.

Njia rahisi ya kulainisha makosa huitwa kichujio cha alfa na beta, na nakushauri uanze na hiyo kabla ya kugusa kichujio cha Kalman, ambacho ni tata zaidi. Kila doa jipya likija, programu kwanza inatabiri: mahali pa zamani ongeza mwendo mara muda uliopita. Kisha inapima tofauti kati ya utabiri na doa. Mahali panasahihishwa kwa sehemu ya tofauti hiyo, tuseme nusu, ndiyo alfa. Mwendo unasahihishwa kwa sehemu ndogo zaidi, ndiyo beta, ikigawanywa kwa muda. Kanuni moja ya zamani ya kuchagua beta ni kuchukua mraba wa alfa na kuugawa kwa 2 ukitoa alfa. Alfa ikiwa 0.5, beta inakuwa karibu 0.17. Alfa ndogo hukupa mstari mtulivu, lakini chombo kikikata kona programu inaendelea kukiona kinakwenda moja kwa moja kwa muda. Alfa kubwa hugundua kona haraka, ila namba zinarukaruka hadi nahodha anaacha kuziamini. Hakuna thamani iliyo sahihi kwa maji yote, na hapo ndipo Mtera inapofaa.

Bwawa la Mtera lilijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwanza kama ghala la maji la mtambo wa Kidatu ulioko chini, na baadaye likapata mtambo wake wa megawati 80. Maji yakijaa, uso wake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mtambo ni mita 690. Bonde ni tambarare, hivyo mita moja ya kina huhamisha ufuko mbali sana, na ramani uliyopakua inaweza kuonyesha maji mahali ambapo mwaka huu ni uwanja wa ng'ombe. Na kuna kitu ambacho wavuvi hukilalamikia kwa haki kwa sababu hunasa nyavu: miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu bonde lilipofurika.

Visiki hivyo ni walimu wenu wakubwa. Kisiki hakitembei. Mtumbwi wako ukisogea, programu ikitoa mwendo wako kwenye mwendo wa kisiki, jibu lazima liwe sifuri au karibu yake. Programu ikisema kisiki kinakwenda mita 2 kwa sekunde kuelekea kijiji cha Migoli, una kosa, na huhitaji mtaalamu wa kukuambia. Jaribio hili siku zote lifanye kwanza, kabla ya jaribio la boti mbili.

Jaribio lenyewe liko hivi. Tafuta boti mbili na wavuvi wenye boti. Usiende na mabegi yako moja kwa moja majini: piga hodi kwanza kwa uongozi wa mwalo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, eleza unachofanya, na lipa muda wa watu, maana saa ya mvuvi ni samaki. Asubuhi maji huwa tulivu kuliko mchana upepo wa nyanda hizi unapoamka. Vaa jaketi okozi, na ukiambiwa eneo fulani lina viboko au mamba, usibishane. Kaa mbali na ukuta wa bwawa na mitambo. Hapo ni eneo la TANESCO na mtu mwenye milingoti na nyaya ataulizwa maswali, tena ipasavyo. Kila boti ibebe simu moja inayorekodi mahali ilipo kwa GPS kila sekunde. Kisha pishaneni: mara kwa kukutana uso kwa uso, mara kwa kukatana njia, mara mmoja akimpita mwenzake kwa nyuma, na mara moja mmoja akate kona ghafla katikati ya safari.

Jioni, nyumbani, geuza rekodi hizo mbili kuwa umbali na upande kama rada ingeviona kutoka boti ya kwanza. Chukua kipimo kimoja kila sekunde mbili na nusu. Kila kipimo kiongezee kosa la kubahatisha: tuseme uzi mmoja wa upande na mita 30 za umbali. Kipimo kimoja kati ya vitano kifute kabisa, kwa sababu mtumbwi wa mbao hurudisha mwangwi hafifu na hupotea mara kwa mara kwenye kioo. Lisha programu yako uchafu huo, uone inatabiri nini. Kisha linganisha na rekodi halisi ya simu, ambayo inajua walipishana kwa umbali gani. Hapo una darasa la rada bila rada, na unaweza kuirudia safari ileile kwa alfa 10 tofauti bila kuchoma lita moja ya petroli. Nimeona watu wakinunua vifaa vya mamilioni wakakosa kitu hiki kimoja: ukweli wa kulinganisha nao.

Utakapotoka kwenye jaribio na kuingia kwenye rada halisi, tatizo litakalokusumbua kuliko yote ni dira. Rada ndogo hupima upande kutoka omo ya chombo chako. Chombo kikiyumba nyuzi 10 kushoto na dira ikachelewa sekunde moja kuiambia kompyuta, madoa yote yanaonekana yameruka nyuzi 10 kulia, na kila kichujio ulichojenga kitaamini kwamba ziwa zima limegeuza njia. Kwa boti ndogo tafuta dira ya kielektroniki inayotoa taarifa mara 10 kwa sekunde, na uifunge mbali na injini, chuma na nyaya za betri. Njia inayoonyeshwa na GPS usiitumie badala ya dira. GPS hukuambia unakokwenda, haikuambii omo inatazama wapi, na kwenye upepo au mkondo, kama ule wa kati ya Dar es Salaam na Unguja, mambo hayo mawili huachana.

Saa nayo isikupite. Kompyuta nyingi za bodi moja hazina betri ya saa. Zikizimwa na kuwashwa mahali pasipo na mtandao, hurudi kwenye wakati wa zamani. Ichukue saa kutoka GPS kabla programu haijaanza kurekodi. Zikikatwa umeme ghafla, kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika, kwa hiyo weka swichi ya kuzima taratibu, na rekodi ziandikwe kwenye kifaa kingine. Betri ya boti ni volti 12 na kompyuta hutaka 5: nunua kibadilishaji kizuri chenye kutoa ampea 3 bila kutetereka. Boksi lisipitishe maji, na lipakwe rangi nyeupe, jua la huku mnalijua.

Programu si lazima uiandike yote. Kuna OpenCPN, programu huria ya ramani za majini, na kuna nyongeza yake iitwayo radar_pi inayosoma baadhi ya rada ndogo za Navico na Garmin na kufuatilia vyombo kwa kichujio cha Kalman. Isome ilivyoandikwa hata kama hutaitumia. Ukiwa na rada kubwa ya meli, njia salama ni kupokea sentensi za NMEA, lugha ya vifaa vya majini, ambazo rada yenyewe huzitoa kuhusu vyombo inavyovifuatilia, bila kugusa ndani. Ndani ya rada ya magnetroni mna umeme wa maelfu ya volti, na hubaki kwa muda hata baada ya kuzima. Usiifungue.

Na sheria iko hivi. Kifaa ulichokijenga hakichukui nafasi ya rada ambayo meli inalazimika kuwa nayo. Rada za meli zilizofungwa kuanzia 1 Julai 2008 zinatakiwa ziweze kufuatilia vyombo 20 kwa meli ndogo, hadi 40 kwa meli za tani 10,000 na zaidi, na hupimwa na kuidhinishwa kabla ya kufungwa. Chako ni cha kujifunzia, au jicho la pili kwenye boti ambayo sheria haiilazimishi. Tanzania Bara waulize TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini; Zanzibar waulize mamlaka ya usafiri baharini ya huko. Rada hurusha mawimbi ya redio, kwa hiyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao waulizwe kabla hujalipa fedha. Anayetaka kuingia kazini kama ofisa aende Chuo cha Bahari Dar es Salaam akasome rada kwa utaratibu unaotambulika.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuhusu vifaa hivi, na nalisema kwa kila anayevijenga. Boti ya mwendo wa noti 30 inakula mita 15 na zaidi kila sekunde. Ikiwa mtumbwi wa mbao umeanza kuonekana kwenye rada ukiwa maili moja mbele, zimebaki dakika mbili. Mfumo unaohitaji dakika tatu kutoa makadirio kamili hautakuwa umemaliza hesabu. Vyombo vikubwa vinajitangaza kwa AIS, yaani mfumo wa kujitambulisha kwa redio; mtumbwi hautangazi kitu. Kwenye Ziwa Victoria usiku, taa za wavuvi wa dagaa mtu wa zamu anaweza kuziona kwa macho kabla rada haijashika mbao za mtumbwi. Kanuni ya 5 ya kanuni zilezile za kuzuia migongano inataka ulinzi wa macho na masikio wakati wote, na hakuna mstari wa programu unaoiondoa. Kwa hiyo unapopanga skrini yako, usimpe ofisa sababu ya kuitazama muda wote. Sauti moja, namba mbili, upande wa kuangalia, imetosha.

Sauti hiyo nayo ipimwe. Ukiweka kengele ilie kwa kila chombo kitakachopita chini ya maili moja, kwenye maji ya wavuvi italia usiku kucha, na kabla ya alfajiri mtu ataikata waya. Weka mpaka mpana maji ya wazi na mwembamba karibu na bandari, na programu iandike kila mara kengele ilipozimwa na saa ngapi. Madoa mawili yanapokaribiana sana, kompyuta huweza kuhamisha jina la chombo kimoja kwenda kwa kingine. Hali hiyo ikitokea, skrini ioneshe waziwazi kwamba ufuatiliaji una shaka, isiendelee kuandika namba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwisho, msaada mkubwa mnaoweza kumpa mvuvi hauhitaji kompyuta kabisa. Mabati matatu ya alumini, bapa na magumu, yakiungwa kwa pembe mraba kamili, huunda kona inayorudisha mawimbi ya rada kule yalikotoka. Kwa rada ya kawaida ya mawimbi ya sentimita 3, kona ya pembe tatu yenye kingo za sentimita 30 inaweza kurudisha mwangwi sawa na wa eneo la zaidi ya mita za mraba 30, ilhali mbao mbichi hurudisha kidogo sana. Ukiongeza urefu wa kingo mara mbili, mwangwi huongezeka mara 16. Pembe zikikosea nyuzi chache faida hiyo hupungua sana, hivyo tumia gundi na riveti, usikunje kwa mkono. Unga kona nane ziwe kitu kimoja ili kila upande uonekane, kifunge juu ya mlingoti, kona moja ikitazama juu kama bakuli la kukinga mvua. Pale Mtera hakuna meli ya kukiona. Lakini mvuvi wa Mtera akihamia Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika kitamfaa, na fundi wa mabati wa Migoli anaweza kukitengeneza kwa asubuhi moja ukimchorea vipimo.